Mkono wa Njano

Saa kumi alasiri, na giza limeshakaa mezani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Barabara ya mlimani imefungwa tangu Jumanne.
Hallgrimu yuko huko juu na gari la kukwangua theluji:
anafungua njia, upepo unaifunga, anafungua tena.
Ndiyo kazi yenyewe, husema, nalipwa kwa kurudia.

Mbele yangu fomu mbili.
Mwisho wa kutuma, saa sita usiku.

Ya kwanza yataka nihamie Reykjavik kila juma,
chumba cha bweni, kitanda cha mtu mmoja,
na kwenye mstari wa wategemezi niandike Embla, miaka sita,
kana kwamba yeye ndiye anayenitegemea,
wala si mimi ninayehesabu pumzi zake nipate usingizi.

Ya pili yataka intaneti isiyokatika. Basi.

Nimezionja zote; siwezi kusingizia ujinga.
Machi niliketi ukumbini, siku ya wageni,
nikanusa makoti ya sufu yaliyolowa.
Viti vililia kila mtu alipogeuka.
Mwalimu wa uuguzi alikosea hesabu ya dozi ubaoni,
akafuta kwa kiganja, akasema, "Huyo mgonjwa keshakufa,"
tukacheka wote, mia na kitu,
na kijana nisiyemjua akanisogezea penseli
kabla sijatambua kuwa yangu imevunjika.

Kisha somo la majaribio, jikoni kwangu.
Uso wa mwalimu uliganda, mdomo wazi,
katikati ya neno moyo. Mo—
Dakika nzima nikiutazama ulimi wake.
Nikabonyeza, ukainuka mkono,
mkono mdogo wa njano pembeni mwa kioo.
Haukuchoka. Haukutetemeka.
Hakuna aliyeuona.
Nyuma yangu sufuria ya viazi ikafurika.
Ila Embla akaja na jino kiganjani, la kwanza kung'oka,
damu kidogo, fahari tele,
nami nilikuwepo.
Nilikuwepo.

Mama mkwe asema mshipa hausomwi kwenye kioo.
Kweli. Lakini yeye, mkunga wa miaka thelathini,
alianzia kwa ng'ombe wa baba yake, na husahau kulitaja hilo.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Mimi sijashika hata moja
na zote zinaniponyoka.

Saa tatu umeme ukakatika.
Nikamwachia bibi mtoto, nikabeba kompyuta chini ya koti
hadi posta ya zamani, kwenye jenereta.
Nikakuta watatu, kila mtu na vifaa vyake masikioni:
Njalli, tarishi mstaafu, anasoma Kilatini;
Bergthora wa kiwanda cha samaki, anasoma uhasibu,
mikono ya sweta ikinuka chewa;
na Zbigniew, fundi bomba, sijui anasoma nini,
alikuwa akinong'ona kwa Kipolandi na kufumba macho.
Hakuna aliyenisalimu.

Kioo cha Bergthora kikafifia, chaji imekwisha.
Akapiga meza kwa ngumi, kidogo tu.
Njalli, macho bado kwenye vitenzi vyake,
akachomoa waya wa kompyuta yake
akamsogezea.

Nikamgusa bega. "Hili ni darasa?"
Akatoa kifaa sikio moja.
"Hapana," akasema. "Ni joto tu."

Nikajaza fomu ya pili.
Sisemi nimechagua vyema.
Vile viti bado vinalia kichwani mwangu,
na kuna penseli, mahali fulani, sikuirudisha.

Saa tano na nusu Hallgrimu akapiga simu kutoka mlimani:
"Njia iko wazi! Saa moja, labda mbili.
Ukitaka kwenda mjini, sema sasa."
Nikamwambia sihitaji tena.
Halafu, kabla hajakata, nikamwomba anieleze,
polepole,
inaonekanaje.